Wageni wa Bandia kwenye Msitu wa Uluguru

Wiki moja kabla ya kuwapeleka wageni wangu wa kwanza mlimani, niliwapeleka wageni wa bandia. Walikuwa watatu: baba yangu, aliyekuwa mkaguzi wa nguo kiwandani; rafiki yake mfumaji, ambaye nguo zake baba alizikataa kwa miaka mingi bila urafiki wao kuvunjika; na jirani yetu wa Mafiga, mama mmoja mnene aliyekuwa idara ya kusokota nyuzi mpaka kiwanda kilipofungwa. Wote watatu walitoka mikoa mingine wakiwa vijana kuja kutafuta kazi Morogoro. Wote walizeekea chini ya Milima ya Uluguru, na hakuna aliyewahi kuingia kwenye msitu wake.

"Zamu zilikuwa hazituachii," baba alisema. "Asubuhi nauona mlima, naingia kazini. Jioni natoka, nauona bado upo. Nikasema basi, hauendi popote."

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama kufuli limefungwa, halafu njiani naanza kujiuliza kama nilipolivuta sikulifungua. Nguo naipiga pasi, naivaa, naivua, naipiga tena. Darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijifundisha mwenyewe kama mtu anayekimbizwa. Kiingereza nilikitoa redioni na kwenye kitabu cha ndege kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye lundo la vitu vya mitumba sokoni. Majina ya miti niliyapata kwa ndugu za mama yangu kule Kinole, nikiwafuata shambani na kuwauliza mpaka wakachoka.

Miaka hiyo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa mdogo yalijaa sabuni za kila rangi. Watu waliuza kila kitu mbele ya nyumba zao. Na kiwanda chetu kikapunguza watu, kikapunguza tena, kikafunga geti. Wakati huohuo vijana wa Kizungu wenye mabegi makubwa mgongoni walianza kushuka kwenye mabasi na kuulizia njia ya mlimani. Mtu mmoja mjini alifungua ofisi ndogo ya kuwatembeza. Nilimwendea, nikamwaga Kiingereza changu chote kwa pumzi moja, naye akasema nitapewa kundi moja la Jumamosi, tuone.

Lakini shangazi yangu, aliyeko kwenye shamba la miwa, alikuwa ameshanipatia nafasi ya stoo: kugawa mapanga, glavu na mabuti kwa wakata miwa. Nafasi ile ilikuwa inanisubiri. Baba aliitaka sana.

"Stoo ina mshahara mwisho wa mwezi," aliniambia. "Huko porini mwisho wa mwezi kuna nini? Nyani?"

"Mbega, baba. Nyani wako huku chini."

Hakucheka. Alisema neno ambalo lilininyima usingizi wiki nzima.

"Nipeleke na mimi. Nitaikagua hiyo kazi. Ikipita, nitampelekea shangazi yako habari ampe stoo mtu mwingine. Isipopita, unakwenda kwenye miwa."

Kwa mtu asiyemjua baba, hayo yanaweza kuonekana maneno ya kawaida. Ili yaeleweke lazima nieleze mikono yake.

Kwenye ukumbi wa mitambo ya kufuma, kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukimpigia mwenzako ukelele sikioni hasikii. Kwa hiyo walizungumza kwa mikono. Kiganja kikikata hewa kutoka juu kwenda chini: simamisha mashine. Ngumi ikizungushwa kama ya anayekaza nati: fundi anashughulikia. Vidole vikigusa kola: bosi yuko nyuma yako. Kiganja kikiinamishwa kuelekea mdomoni: muda wa chai, kaa. Kitambaa kikiwa na kasoro, unajifinya ngozi ya mkono. Kikiwa safi, unapitisha kiganja taratibu juu ya mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole, halafu unafumba ngumi, maana yake kiviringishwe, kipelekwe.

Baba, ambaye alianza kama mfumaji kabla ya kuwa mkaguzi, alizileta ishara hizo nyumbani pamoja na masikio yaliyokuwa yanaanza kuwa mazito. Mezani tuliomba chumvi kwa mikono. Mama alimgombeza kwa mikono ili majirani wasisikie. Mimi nilijua "simamisha mashine" kabla sijajua kusoma. Nilipofagia uwanja, baba alisimama mlangoni, akaangalia huku na huku, akajifinya ngozi ya mkono, kisha akanionyesha jani moja lililobaki chini ya mwembe wa jirani. Alikuwa akitania. Lakini mimi nilikwenda kuliokota lile jani, na nadhani bado naliokota mpaka leo. Ile ishara nyingine, ya kitambaa safi, sikuwahi kufanyiwa.

Tuliondoka Mafiga alfajiri kwa miguu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: wapi tutapumzika, wapi nitataja mti gani, wapi nitafanya mzaha. Hata mizaha nilikuwa nimeikariri.

Mipango ilianza kuharibika kabla hatujafika msituni. Sikukumbuka kwamba ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko mlima wote unashuka. Kina mama wa Kiluguru walikuwa wakija kwenye njia nyembamba na matenga ya kabichi, ndizi na karoti vichwani, wakitembea kwa hatua fupi za haraka. Kwenye njia zile mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Wewe mtupu unajibana upande wa mlima, si upande wa bonde, unasimama, na unamsalimia. Wala si salamu moja. Unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, unakwenda wapi, huko unakokwenda kuna nini.

"Tunakwenda kutembea tu," jirani yetu alimjibu bibi mmoja baada ya shikamoo.

"Kutembea?" Bibi alisimama kabisa, tenga kichwani halitikisiki. "Hamna mgonjwa?"

"Hatuna, bibi."

"Hamna msiba?"

"Hatuna."

"Mnapanda mlima hivihivi?"

"Hivihivi."

Bibi alituangalia mmoja mmoja kwa huruma, akasema Mungu atusaidie, akashuka zake. Jirani yetu alicheka mpaka akashika mti. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama saa ya kuazima mkononi na kuona ratiba yangu ikiteremka mlima pamoja na kabichi.

Mashamba yalipokwisha na miti kuanza, mfumaji alitangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni Mzungu. Alitoa kofia ya plastiki, akaning'iniza shingoni kopo la maziwa liwe kamera, akaanza kuzungumza kwa puani.

"Eskyuzi mi, binti! Hii mti inaitwa nani?"

"Mzungu gani mwenye magaga namna hiyo?" jirani akamuuliza.

"Mimi Mzungu maskini. Nimekuja kwa mguu kutoka Ulaya."

Nilijibu kwa Kiingereza, kama nilivyokariri. Hakuna aliyeelewa neno hata moja, lakini wote watatu walisimama wima na kuitikia kwa vichwa, kama watu walio kanisani au kwenye mawaidha. Kisha nilirudia kwa Kiswahili. Niliwaonyesha miti yenye mizizi iliyosimama kama kuta, ambayo mtoto anaweza kujificha katikati yake. Niliwaonyesha kangaga, ile mimea ya majani kama manyoya, zenye shina na ndefu kama minazi midogo. Mbega walipita juu yetu wakirusha mikia yao myeupe, na baba, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mashambani, alisimama akawafuata kwa macho mpaka wakapotea.

"Wamevaa vizuri," alisema. Basi.

Kila baada ya muda nilimtazama mikono. Ilikuwa nyuma ya mgongo wake, kiganja kimoja ndani ya kingine, kama alivyokuwa akitembea kati ya meza za ukaguzi.

Tulivuka kijito kwa kukanyaga mawe, tukapanda mpaka kwenye maporomoko madogo ya maji, tukala maandazi na mayai ya kuchemsha. Mfumaji alipiga picha kila kitu kwa kopo lake. Ukungu ulianza kushuka juu yetu, na huko kileleni ngurumo ilisikika mara moja, mbali, kama mtu anayesogeza kabati. Niliamua turudi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Nautaja kwa sababu uliofuata haukuwa mzuri.

Karibu na kile kijito, upande wa kurudi kabla ya kuvuka, kuna mwamba unaotiririka maji wakati wote, na kwenye nyufa zake huota ua dogo la zambarau lenye majani kama ya mahameli. Ua hilo watu wa Ulaya wanalifuga kwenye vyungu madirishani mwao, lakini asili yake ni huku kwetu. Nilikuwa nimeliweka liwe mwisho wa hotuba yangu. Nililiandalia maneno mazuri kuliko yote.

"Magoti yangu yakisimama sana yanalala," baba alisema. "Tunakusubiri ng'ambo."

Alivuka na mfumaji. Mwongozaji mwenye akili angefunga hotuba na kuwafuata. Lakini nilikuwa nimebakiza sehemu, na mimi siwezi kuacha kitu nusu. Nilimsimamisha jirani yetu mbele ya mwamba nikamtolea hotuba yeye peke yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, huku akinitazama kwa upole wa mtu aliyelea watoto wengi.

"Mwanangu," alisema katikati ya sentensi, "yale maji yalikuwa yanalia hivyo?"

Niligeuka. Kijito kilikuwa kimekuwa cha rangi ya chai ya maziwa. Majani na vijiti vilipita kwa kasi, halafu tawi zima. Mawe tuliyokanyaga asubuhi hayakuonekana. Kwetu mvua haikuwa imedondoka hata tone, lakini ile iliyonyesha kileleni ilikuwa imefika.

Ng'ambo baba alikuwa amesimama ukingoni. Kinywa chake kilifunguka na kufungika. Sikusikia kitu. Mfumaji aliweka mikono mdomoni akapiga kelele, nayo ikamezwa na maji. Nami nilipiga kelele, na sauti yangu sikuisikia hata mimi mwenyewe.

Kisha nikaona mfumaji ameketi chini anafungua mikanda ya makobazi yake. Walikuwa wanakuja kutuchukua. Wazee wawili, mmoja ana magoti mabovu, wanataka kuingia kwenye maji yale kwa sababu yangu, kwa sababu ya hotuba ya ua.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Kiganja kikakata hewa kutoka juu kwenda chini. Simamisha mashine.

Mfumaji aliganda, kiatu kimoja mkononi. Nadhani hakunitii mimi. Mwili wake ndio uliotii, kwa miaka yote ile ya kazi. Lakini baba aliendelea kukunja suruali. Nilifanya tena, kwa nguvu zaidi, nikimtazama usoni. Simamisha. Sijawahi kumwamuru baba yangu kitu, si kwa mdomo wala kwa mkono. Alinyoosha mgongo akanitazama muda mrefu kupitia ule ukungu. Halafu akaikunjua suruali yake.

Hapo ndipo wasiwasi uliponitoka, na mpaka sasa sielewi kwa nini. Mimi ninayetetemeka nikipanga vikombe vya wageni nilijikuta nimetulia. Nilijua jambo moja kutoka kwa ndugu zangu wa Kinole: maji ya namna ile huja haraka na huondoka haraka, na wanaochukuliwa ni wale wasiosubiri. Nilizungusha ngumi: fundi anashughulikia. Kisha nikainamisha kiganja kuelekea mdomoni: muda wa chai, kaeni.

Walikaa. Sisi nasi tukakaa juu ya mzizi.

Nimeshajaribu kuwaeleza watu muda ule tuliosubiri, na siku zote nashindwa. Walikuwa wafanyakazi watatu waliopunguzwa kazini, ambao mikono yao haikuwa na mtu wa kuzungumza naye kwenye kelele tangu geti lilipofungwa, na sasa walikuwa wamerudishiwa kelele. Jirani yetu alimwuliza mfumaji kwa mikono kama Wazungu wanaogopa maji. Mfumaji akagusa kola: bosi yuko nyuma yako. Mama wa watu aligeuka kweli kutazama nyuma, akakuta mti, akamrushia ngumi hewani. Baba aliuliza kama tumelowa. Nilijibu hapana. Mfumaji aliuliza kama maandazi yamebaki, na jirani akamwonyesha moja, akalila polepole huku akimtazama. Niliwaona wakicheka kwa mabega, bila sauti. Nilifikiri: hawa ndio watu wangu. Hakuna aliyewapigia makofi walipotoka getini kwa mara ya mwisho, lakini walivisha nchi nzima, na wakiwekwa upande huu na upande ule wa maji bado wanaelewana.

Muda wote huo nililitazama jiwe moja. Asubuhi, tulipovuka, niliona jiwe la katikati lina mstari mweupe kama uzi. Mtu wa kawaida asingeliona. Mimi huona vitu vya namna hiyo, kwa sababu kila kitu nakikagua. Nilijiambia kwamba hatuvuki mpaka niuone ule mstari wote.

Maji yakaanza kupungua. Mgongo wa jiwe ukatokeza. Mfumaji akainuka, akaonyesha kwa furaha kwamba sasa inawezekana. Nilikata hewa tena: simamisha. Akamwonyesha baba jiwe, akalalamika kwa mikono yote miwili. Jirani yetu naye alinisogelea sikioni.

"Mwanangu, yameshashuka. Kutapoa huku."

"Bado kidogo, mama."

"Unangoja nini?"

"Mstari."

Hakuuliza mstari gani. Alijifunga kanga vizuri zaidi akakaa tena. Baba naye, kule ng'ambo, alimshika rafiki yake bega akamkalisha.

Mstari ulipoonekana wote nilikata fimbo, nikapima jiwe kwa jiwe, nikamvusha jirani yetu akiwa ameshika kiuno changu na kuomba dua zote alizozijua, pamoja na nyingine ambazo nadhani alizitunga palepale. Mfumaji alitupokea mikono. Baba hakutupokea. Alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

Tulishuka mlima bila hotuba. Kwenye mashamba tulikutana na baadhi ya kina mama wa asubuhi wakipanda kurudi, matenga yao yakiwa na sabuni na chumvi, nasi tukajibana upande wa mlima tukasalimiana nao. Nilitaja majina yao ya ukoo niliyoyajua kwa upande wa mama yangu, wakachangamka, na sikuitazama saa.

Nyumbani baba alikula, akalala. Jumapili ikapita bila yeye kuutaja mlima. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Niliipitia safari yote kichwani nikaanza kuhesabu kasoro: siku ya soko, hotuba ndefu, watu kutengana. Mwongozaji hawaachi wageni wake watengane. Ningekuwa mimi mkaguzi, ningeikataa ile nguo.

Jumatatu asubuhi baba aliniambia nimsindikize stendi ya mabasi ya Msamvu. Siku zile habari za kwenda kwenye mashamba ya miwa tulizituma kwa mdomo, kwa makondakta wa mabasi. Njia nzima hakusema ni habari gani. Tulipofika stendi aliniambia nisimame kwenye vibanda vya chai, akaingia mwenyewe katikati ya mabasi. Injini zilikuwa zinaunguruma, wapiga debe wanaita abiria, honi juu ya honi. Nilimwona amemkuta kondakta wa basi la kwa shangazi. Baba alizungumza kwa sauti yake ile kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, na kondakta akainama kumsikiliza. Mimi sikusikia hata neno. Nilitazama midomo nikaona "stoo". Nilitazama tena, lakini basi likasogea, likanikinga.

Basi lilipopita baba alikuwa amesimama peke yake kwenye moshi, akinitafuta kwa macho. Aliponiona aliinua mkono wa kushoto mbele ya kifua. Kwanza alijifinya ngozi karibu na kiwiko, kidogo, mara moja. Halafu akaonyesha kinywa chake, akichezesha vidole kama mtu anayeongea sana. Ile hotuba.

Kisha akaweka kiganja cha kulia kwenye kiwiko, akakipitisha juu ya mkono, taratibu, kama alivyokuwa akinyoosha kitambaa mezani ili kesho asije akalaumiwa, mpaka kikafika kwenye ncha za vidole. Akafumba ngumi.

Wapiga debe wawili walimtazama yule mzee wakadhani ananitania, au ana kichaa. Nilijibu kwa ishara pekee niliyoikumbuka wakati ule, nikainamisha kiganja kuelekea mdomoni, naye akaja tukanywa chai.